Damu Mbele ya Taa

Katika sharika zetu tunaimba juu ya damu kuliko tunavyoizungumza. Jumapili kwaya itaimba ya damu iliyomwagika msalabani mpaka wazee watoe leso. Jumatatu asubuhi mama mmoja wa kwaya hiyo hiyo anabisha hodi kwa mchungaji, ameshika karatasi ya hospitali, imeandikwa kwamba damu ya mwanawe ni gramu 6. Tunaomba naye, maana kuomba ndiyo kazi yetu. Lakini mama akishafuta machozi anauliza, "Baba Mchungaji, gramu 6 za nini?" Swali hilo si la kulipeleka mbele za Mungu peke yake. Linastahili kujibiwa pale pale barazani.

Ni gramu za himoglobini katika kila mililita 100 za damu. Himoglobini ni protini, ndiyo inayoipa damu wekundu wake na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Mtu mzima mwenye afya huwa nayo gramu 12 na kuendelea. Na hizo 6 hazikupatikana kwa mizani. Fundi wa maabara alichukua tone la damu, akaliweka kwenye kijisahani cha plastiki, mashine ikalipitishia mwanga na kupima kiasi cha mwanga kilichomezwa njiani. Damu nyingi humeza mwanga mwingi, damu chache humeza kidogo. Basi yule mama alikuwa ameshika mkononi taarifa iliyoletwa na nuru.

Tangu siku hiyo tumeifuatilia habari ya damu na mwanga kwa miaka kadhaa, tukisoma usiku na kuwauliza waganga na mafundi wa maabara hapa Unguja, wengi wao Waislamu, ambao hawakuchoka na maswali ya mchungaji wa Kilutheri. Tunaandika tuliyojifunza kwa ajili ya wazazi wa usharika, na pia kwa sababu tumeona jambo hili likigusa imani yetu mahali penye maumivu.

Tuanze na watu. Mwaka 1862, katika mji wa Tübingen huko Ujerumani, mkemia Felix Hoppe-Seyler alipitisha mwanga katika damu iliyochanganywa na maji, kisha akaupitisha mwanga huo kwenye mche wa kioo, kile kioo kinachoupasua mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Upinde ulitokea, lakini haukuwa mzima. Penye manjano na kijani palikuwa na mistari miwili ya giza, kama vile mtu amekata vipande viwili vya rangi kwa mkasi. Damu ilikuwa imezimeza rangi hizo na kuziacha nyingine zipite. Miaka miwili baadaye ndiye aliyeipa protini hiyo jina la himoglobini. Sisi tuliosomea theolojia Makumira, chini ya Mlima Meru, tulilijua jina la Tübingen kwa sababu ya maprofesa wake wa Agano Jipya. Hatukuambiwa kwamba katika mji huo huo, ndani ya jiko la zamani la ngome, kulikuwa na maabara. Wala katika somo la historia ya Kanisa, tulipofundishwa habari za Francke na kituo chake cha yatima huko Halle, hatukusikia kwamba mmoja wa yatima waliosoma pale alikuwa huyu Felix, mwana wa mchungaji, aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo akalelewa na shemeji yake. Tunapenda kulitaja hili kwa wazee wa kanisa wanaouliza kama kulea yatima kuna faida.

Mwaka 1864 George Stokes wa Cambridge, naye mwana wa mchungaji, wa Ayalandi, aliongeza jambo. Aliiondolea damu oksijeni kwa dawa. Ile mistari miwili ya giza ikatoweka, ukabaki mmoja mpana. Kisha akaitikisa ile chupa ili hewa iingie, na mistari miwili ikarudi. Tafadhali msomaji usiipite haraka habari hii. Hakuna aliyeigusa himoglobini, hakuna aliyeweza kuiona, ni ndogo kupita darubini za wakati ule zote. Lakini kwa kutazama ni rangi gani zimepotea, Stokes alijua kama imebeba mzigo au imeushusha.

Kwa nini rangi ibadilike? Hapo ilibidi kusubiri karibu miaka 100. Himoglobini ni mnyororo, au tuseme minyororo minne, kama tasbihi nne zilizokunjwa na kufumbatana kuwa donge moja. Shanga zake, ziitwazo asidi amino, ni 574. Ndani ya kila mnyororo mmekaa chembe moja ya chuma, na oksijeni hushika pale. Inaposhika, ile chembe husogea kidogo sana, na kusogea kwake kunauvuta mnyororo, nao unavuta jirani yake, mpaka donge zima linabadili mkao. Max Perutz, pale pale Cambridge, alitumia zaidi ya miaka 20 kuichora kwa miale ya eksirei, akatunukiwa Nobeli mwaka 1962. Eksirei ilitupa picha iliyosimama. Mwanga wa kawaida una faida yake, unaweza kuitazama protini ikiwa kazini, ndani ya maji, hata ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Mmeiona klipu ile wanayombana nayo mgonjwa kidoleni. Ni ndugu wa mche wa Stokes. Ina taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, na inalinganisha jinsi damu inavyozimeza, kwa kuwa himoglobini yenye oksijeni huiachia nyekundu ipite zaidi. Aliyeivumbua ni Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kifaa chema, kimeokoa wengi. Hata hivyo mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kwa maana rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Sisi tunaokaa kwenye viti vya wodi tunaona vema wazazi walijue hili. Mtoto akihema kwa shida na klipu inasema yuko sawa, mama aendelee kusema. Macho ya mama nayo ni kipimo.

Sasa sikoseli. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini yenyewe, na mwaka 1956 Vernon Ingram akaipata mahali pake. Katika minyororo miwili kati ya ile minne, shanga ya sita ni nyingine. Shanga mbili kati ya 574. Himoglobini hii ikiwa na oksijeni haina neno. Ikishaishusha, sehemu ile huwa kama ina gundi, inamnata jirani, jirani anamnata mwenzake, na zinajipanga kuwa vijiti virefu vigumu ndani ya seli. Anayekaa Mji Mkongwe akitazama juu darini ataona boriti za mikoko zimelazwa sambamba, ukuta hadi ukuta. Ndivyo zinavyojipanga. Seli iliyokuwa laini kama andazi bichi inakazwa kutoka ndani, inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba, na mtoto anaamka usiku anapiga kelele miguu inamuuma.

Na habari ya boriti ilijulikanaje? Kwa mwanga tena. Mwaka 1973 Hofrichter, Hendricker na Eaton, katika taasisi za afya za taifa la Marekani, walichukua seli moja moja iliyopinda wakaipitishia mwanga uliochujwa hata ukawa unatikisika upande mmoja tu. Himoglobini ikiwa ovyo ovyo, kama mchele kwenye gunia, mwanga utamezwa sawasawa uuelekeze upande wowote. Wao waliona unamezwa tofauti kila walipogeuza upande. Maana yake zimepangwa, zimetazama upande mmoja. Waliusoma mpangilio wa kitu kisichoonekana, ndani ya seli moja ya damu, kwa kuuliza swali moja tu: mwanga umekwenda wapi?

Mwaka uliofuata Eaton na Hofrichter, pamoja na mwenzao Ross, walitoa jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Himoglobini ya sikoseli haigandi papo hapo. Inashusha oksijeni, kisha kuna muda inakaa kimya, hakuna kinachotokea. Halafu ghafla vijiti vinaota vyote kwa pamoja. Urefu wa muda huo unategemea imekolea kiasi gani. Ikizidi kukolea kwa sehemu moja tu ya kumi, muda unaweza kufupika zaidi ya mara kumi. Na seli ya damu hupita kwenye mishipa ile myembamba kwa kama sekunde moja, kisha inarudi mapafuni kuchukua oksijeni nyingine, ambayo inavifungua vijiti. Hivyo ni mashindano ya mbio. Mwaka 1987 walionyesha kwamba seli nyingi za mgonjwa hushinda mbio hizo. Zinafika salama kabla muda haujaisha. Ndiyo sababu mtoto wa sikoseli ana siku anacheza mpira Mnazi Mmoja na kuna siku hawezi kunyanyuka. Ndiyo sababu daktari kila mara anarudia neno lile ambalo wazazi wanalidharau kwa kuwa halina bei: maji, anywe maji. Mwili ukikauka seli hukauka, himoglobini hukolea, muda hufupika. Na dawa iitwayo haidroksiyurea hufanya kazi kwenye muda huo huo. Huuamsha mwili utengeneze ile himoglobini ya utoto wa tumboni, ambayo hainati, nayo inazitenganisha zile zinazonata. Si kila mzazi anaimudu, na hilo ni la kuliombea na kulisemea pia.

Mchungaji mwenzetu mmoja tulipomweleza haya alishangilia, akataka kuhubiri kwamba muda ule ni uvumilivu wa Mungu. Tulimwomba angoje. Hatuyapendi mahubiri yanayomweka Mungu kwenye kila pengo ambalo maabara haijalijaza, kwa sababu maabara inaendelea kujaza. Tukimshukuru kwa ajili ya muda ule, tumshukuru vile Luther alivyotufundisha katika Katekisimo Ndogo, tulipokariri darasani kwa Kipaimara maelezo ya Kifungu cha Kwanza yanayohesabu macho na masikio na viungo vyote: kwa ajili ya mwili wenyewe, ulivyo, na jinsi unavyofanya kazi.

Ila shukrani hiyo ina upande mgumu. Zaburi ya 139 inasema habari za Mungu aliyetuunga tumboni mwa mama zetu. Nani basi aliitunga ile shanga ya sita? Mama aliuliza swali hili akiwa mbele yetu, na si kwa ubishi.

Watu wa nyumbani kwa mumewe walikuwa wamekwisha kumjibu. Walisema ni damu yake chafu, kwa kuwa katika ukoo wao hajawahi kuugua mtoto namna hiyo. Wengine walinong'ona habari za kijicho, na jirani mmoja akashauri mganga wa pande za shamba. Mtoto alipopimwa na wazazi wakapimwa, karatasi ya baba na karatasi ya mama zilisema neno moja. Kila mmoja alikuwa na nusu. Mtoto hawi na sikoseli mpaka apokee kutoka kwa wote wawili. Tulikaa na ukoo ule siku nzima, karatasi mbili mezani, tukasoma sura ya tisa ya Yohana, pale wanafunzi wanapotaka kujua aliyetenda dhambi ni kipofu au wazazi wake, na Bwana anakataa majibu yote mawili. Babu wa mtoto alizitazama zile karatasi kwa muda mrefu. Hakuomba radhi, wazee wetu hawaombi hivyo. Alimwambia mkwewe, "Mwanangu, niletee chai." Tangu hapo nyumba ilitulia.

Kuhusu shanga ya sita, sayansi ina neno lake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wenye nusu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba nusu hiyo humkinga mtoto na malaria kali. Palipo na mbu ndipo ilipostawi. Kwa hiyo hata Unguja, ambako damu za Bara, Ngazija, Omani na Bara Hindi zimechanganyika kwa heri na kwa shari, wapo wanaobeba ngao ya vita ambayo hapa kisiwani imepoa sana; malaria ya leo si ile ya utoto wa bibi zetu. Katika Tanzania nzima inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa kila mwaka na ugonjwa huu, na kazi waliyoianza Muhimbili akina Profesa Julie Makani imetusaidia kuwajua.

Maelezo ya Allison ni ya kweli. Kwa mchungaji hayatoshi. Wengi wamekingwa, mtoto huyu mmoja analipa: ukilisema hivyo unasikia harufu ya Kalvari, na kuna wahubiri wangelikimbilia. Sisi tumekataa kulisema mbele ya mama. Bwana alijitoa kwa hiari yake. Mtoto wa miaka minne hakujitoa. Tunaamini kwamba Mungu aliyejificha msalabani yuko pamoja naye usiku ule wa maumivu, na tunaliamini bila kuweza kulipitisha kwenye mche wowote wa kioo.

Jambo lililoligawa baraza letu la wazee lilikuwa jingine. Vijana wawili wa usharika waliposa, wakapima, wote wakakutwa na nusu. Kila mimba, robo ya uwezekano ni sikoseli. Mzee mmoja alisema wazi kikaoni, "Mchungaji, ukiwafungisha hawa ndoa unafungisha na msiba." Akataka iwe sheria kwamba bila karatasi ya damu hakuna matangazo ya ndoa. Alikuwa na hoja, naye amezika wajukuu wawili. Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa aliposimama, mtaratibu, huwa hasemi sana. Akasema, "Mwanangu ana miaka 32 na hiyo sikoseli. Huo msiba mnaouzungumza uko hapo nje, anafunga spika." Na kweli nje tulimsikia fundi anajaribu maikrofoni.

Tuliamua hivi, na tunajua sharika nyingine zimeamua vingine. Karatasi haitakuwa sharti la ndoa kanisani. Lakini kupima kutafundishwa mapema, kwenye Kipaimara na kwa vijana, kabla ya posa. Mahari ikishapokelewa na sare zikishashonwa, ukweli unakuja kama mvamizi. Wale vijana walifunga ndoa. Wana mtoto mmoja. Damu yake ikoje ni siri ya nyumba yao.

Yapo pia madogo, ambayo baraza liliyapitisha bila kura. Ibada zetu ni ndefu, na walinzi wa mlangoni walizoea kuwazuia watoto wasiingie na chupa. Sasa wanaruhusiwa. Mwezi wa Ramadhani ni mgumu zaidi, kwa kuwa hapa kwetu si adabu kunywa hadharani mchana, na mama zetu huona haya kumnywesha mtoto ndani ya daladala. Mmoja alitusimulia kwamba alikuwa anarudi kutoka hospitali, gari la Mwanakwerekwe limejaa, joto limezidi, mtoto midomo imekauka, naye ameficha chupa ndani ya kikapu anahangaika. Bibi aliyeketi kando yake, amefunga, alimtazama mtoto macho yake ya manjano, akaelewa. Akaukunjua mtandio wake mbele yao kama pazia. "Mnyweshe, mwanangu," akasema. "Mgonjwa hana saumu."

Mlangoni pa kanisa tumeweka ndoo ya bomba na vikombe. Zamu ya kuijaza ni ya umoja wa wanawake, isipokuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo huijaza yule mzee aliyetaka sheria ya karatasi. Aliiomba zamu hiyo mwenyewe.